Kesi ya Tanuri katika Nchi ya Shauriyao

Jinsi nilivyofika Shauriyao si habari ya kumchosha msomaji. Nchi ipo, nimeikanyaga, na vumbi lake lilikaa viatuni mwangu mpaka viatu vyenyewe vikaisha. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoyasikia, na pale nilipokasirika nitasema nilikasirika, maana sikwenda huko kuwa mti.

Mlangoni mwa nchi ile hukaa afisa mmoja nyuma ya meza.

"Unataka kuingia?" aliniuliza.

"Nataka sana," nikamjibu. "Nimesikia mengi juu ya nchi yenu. Mimi ni mshairi, nimejifunza mwenyewe bila mwalimu, na nina hamu kubwa ya kuwasomea watu wenu..."

Akainua kiganja. "Basi huingii."

"Kosa langu nini?"

"Hamu."

Akanionyesha benchi. Nikakaa hapo nikimtukana kimoyomoyo mpaka matusi yakaniishia. Jua lilipokuwa linashuka akaniuliza tena swali lile lile, nami kwa uchovu nikamwambia, "Niingie nisiingie, mimi ni yule yule." Akanigongea muhuri kabla sijafunga mdomo.

Katika Shauriyao, kutojali ndiyo adabu. Watu wawili wakikutana njiani, mmoja husema, "Habari za nyumbani?" na mwenzake hujibu, "Zipo huko huko nyumbani," kisha wanaachana kwa heshima. Kwenye harusi, bwana harusi wa familia nzuri humuuliza shehe jina la bibi harusi, tena mara mbili, ili wakwe waone kwamba hawakumpata mtu mwenye pupa. Kwenye msiba, viti vya mbele hupewa wapita njia. Nilikwenda kuangalia mpira, nikakuta mwamuzi amekaa kwenye kiti ameupa uwanja mgongo, anakunywa chai. Nikamuuliza jirani yangu ni nani anayeshinda. Akasogea mbali nami kidogo, kama mtu aliyeombwa aonyeshe nguo yake ya ndani.

Chanzo cha haya yote kimechongwa kwenye jiwe mbele ya Mahakama Kuu. Wazee walioianzisha nchi ile walikuwa wamechoshwa na majaji ambao katika kila kesi walikuwa na shemeji, au shamba, au ng'ombe wa kuahidiwa. Wakatafuta kanuni moja ya kuwaponya. Wakaipata katika kitabu cha sheria cha Waingereza, kilichosema kwamba jaji lazima awe disinterested. Walipoifasiri wakachukua maana ya neno jingine linalofanana nalo kama pacha, uninterested, na tangu hapo hawakurudi nyuma.

Sipendi kumsumbua msomaji kwa Kiingereza, lakini pacha hawa ni lazima niwatenganishe. Neno la kwanza humtaja mtu asiye na faida yake katika jambo, asiye na upande. La pili humtaja mtu ambaye jambo lenyewe halimshughulishi. Daktari asiyefanya biashara ya majeneza ni wa kwanza. Daktari anayetazama nje ya dirisha wakati unamweleza unapoumwa ni wa pili. Wazee wa Shauriyao walitaka wa kwanza wakamweka wa pili, na kwa kuwa jaji alikuwa mfano kwa wote, taratibu nchi nzima ikatazama nje ya dirisha.

Nilipoligundua kosa hilo nilipanda ngazi za Mahakama Kuu mbili mbili. Nilimkuta karani wa mahakama, mtu mwembamba aitwaye Pandu, amelaza kichwa juu ya rundo la majalada.

"Karani," nikasema, "jiwe lenu limekosewa."

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Tangu enzi za babu yangu. Iliundwa tume ya kulisahihisha."

"Ikasemaje?"

"Sheria ilitaka wajumbe wawe watu wasiojali suala lenyewe. Wakatafutwa, wakapatikana, wakaapishwa. Hakuna aliyekuja kikaoni." Akageuza shavu la pili juu ya majalada. "Mgeni, una maswali mengi kwa mtu aliyekwisha kula."

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Bi Chausiku. Nyumba yake ilikuwa ndogo, lakini nyuma yake kulikuwa na uwanja, na katika uwanja tanuri la udongo, na kutoka kwenye tanuri lile ilitoka mikate ya ufuta ambayo mfano wake sijauonja kabla wala baada. Mbele za watu Bi Chausiku alikuwa raia mwema. Mikate aliipanga dirishani, akaipa mgongo, na mteja akija husema tu, "Chukua, acha." Lakini mlango wa uani ukishafungwa alikuwa mtu mwingine. Kila mkate aliugonga chini kwa kidole, akautegea sikio, akautikisia kichwa au akaurudisha motoni. Siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo alishtuka kama nimemfumania na mtu.

"Usiseme nje," aliniambia.

"Niseme nini, mama?"

"Kwamba nausikiliza."

Mji mzima ulikula mikate ile, majaji wakiwamo, na sikupata kumsikia mtu hata mmoja akiisifia.

Jioni moja nikaenda mkahawani, nikapanda juu ya kiti, nikawasomea watu ubeti ambao hata sasa nauona mzuri, ila kwa jambo moja nitakalolieleza mahali pake:

*Nimefika nchi yenu, na wimbo wangu mkali,*
*Fungueni nyoyo zenu, pokeeni ya ukweli,*
*Sitaki mali zenu, wala sisaki fadhili,*
*Moyo wangu ni tanuri, hauzimwi kwa kejeli.*

Kwenye meza ya mbele alikaa Bwana Shebe, mwenye maghala ya nafaka, nusu ya nyumba za mtaa ule, na matanuri kumi. Nilipofika neno la mwisho alifungua kinywa, akapiga mwayo mrefu wenye milima na mabonde, akaumalizia kwa kujifuta chozi. Watu wote mkahawani wakamfuata. Nikashuka kitini, nikatoka nje.

"Umepata bahati," Bi Chausiku aliniambia niliporudi. "Shebe hampigii kila mtu mwayo wa namna ile. Kwetu hiyo ni heshima."

"Kwetu hiyo ni vita," nikasema, na nikalala nikiwa na adui.

Basi haikupita wiki, adui akanipa sababu. Niliamshwa na sauti ya majembe. Watu wa Bwana Shebe, ambaye nyumba yake ilipakana na ile yetu kwa upande wa uani, walikuwa wanachimba msingi wa ukuta mpya, na msingi ule haukupita kwenye mpaka. Ulipita huku kwetu, ukalizunguka tanuri, ukaliacha upande wa Shebe. Pamoja nao alikuja tarishi wa mahakama na wito. Bwana Shebe alikuwa anadai kwamba uwanja ni wake.

Bi Chausiku aliusoma wito ule akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya gunia la unga.

"Nikilikosa hili tanuri nimekwisha," alisema. "Mimi sijui kazi nyingine, wala sitaki kuijua."

"Utashinda, mama. Uwanja ni wako, kila mtu anaona."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, wewe hujaingia mahakama ya kwetu."

Akanieleza. Katika mahakama za Shauriyao hapachunguzwi nani ana haki. Panachunguzwa nani hajali. Anayedai akionekana kukitaka kile anachokidai, huyo ameshakuwa na upande, na mwenye upande haaminiki. Kwa hiyo kinachogombaniwa hupewa yule anayeonekana kutokihitaji kuliko mwenzake. Nililifikiria jambo hilo, nikaona kwa nini Shebe anamiliki nusu ya mtaa. Mwenye matanuri kumi anaweza kusinzia huku akidai la kumi na moja. Mwenye moja atasinziaje?

Siku ya kesi Bwana Shebe alikuja na mto wa kuegemea na chungwa. Bi Chausiku aliikalia mikono yake ili isimfichue kwamba anajali. Kwenye kiti cha hukumu alikuwa Jaji Liwalo, bingwa wa taifa wa kupiga miayo, mtu ambaye, walinieleza kwa fahari, aliwahi kuhukumu kesi ya nduguye wa tumbo moja bila kumtambua. Karani Pandu alisoma shauri kwa sauti ya mtu anayehesabu kondoo.

Akaitwa shahidi wa Shebe, mzee kutoka mji wa mbali.

"Umewahi kuliona tanuri hili?" Pandu akamuuliza.

"Sijawahi."

"Na uwanja?"

"Mtaa wenyewe ndio kwanza nausikia leo."

Mnong'ono wa kuridhika ukapita ukumbini. Kisha akaitwa shahidi wa Bi Chausiku, jirani aliyeshuhudia msingi ukichimbwa.

"Ulikuwa unatazama?"

"Ndiyo. Ulikuwa mbele ya macho yangu."

"Macho yana kope, bibi. Ungeyafumba." Akatolewa nje.

Nilisimama kupinga, askari akanikalisha. Jaji Liwalo alikuwa ameshafumba macho, ishara ya kwamba hukumu iko karibu. Mkono wake, naye bado yumo usingizini, ukateremka chini ya meza ukapapasa. Ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto. Mheshimiwa akafumbua jicho moja.

"Mbona leo mkate haujaja?" akasema.

Pandu aliinuka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mheshimiwa ameuliza swali," alisema.

Liwalo akageuka rangi. Mkate wake wa kila asubuhi haukuja kwa sababu mwokaji alikuwa amekaa mbele yake, ameikalia mikono. Alijiuzulu pale pale, akavua joho, akatoka kwa mlango wa nyuma. Akaletwa jaji wa pili. Naye alipokwisha kukaa, mkono wake ukaenda chini ya meza, na tulimsikia akisema taratibu, "Lakini..." Akaondolewa. Wa tatu alijitahidi. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikafikiri ameweza, kisha tumbo lake likanguruma kwa sauti ambayo hakuna sheria inayoweza kuipuuza. Pandu akayafungua majalada, akagundua kwamba hakuna jaji katika mji ule ambaye halishwi na tanuri la Bi Chausiku.

"Sheria inasema," akatangaza, "majaji wakiisha, aketi mgeni. Mgeni hajui kitu, na asiyejua hajali. Yupo mgeni?"

Nikanyanyua mkono. Nikakumbuka, nikaunyanyua polepole, kama mtu anayejinyoosha.

Ilibidi nipimwe kwanza. Pandu alikwishasikia habari zangu za mkahawani. Akachukua karatasi zangu za mashairi, akazipitia kwa kidole gumba, akasema, "Nimeyasoma haya. Mtoto wa dada yangu ana mazuri zaidi. Bado hajaanza kuongea."

Ukumbi mzima ulinitazama. Naomba msomaji aelewe kwamba mtu mwingine angenitamkia maneno hayo tungekutana nje. Nikaliwaza tanuri. Nikayameza maneno yale kama kokwa la embe, nikapiga mwayo. Haukuwa mwayo mzuri, lakini ulitoka.

"Anafaa," Pandu akasema. "Tutaendelea baada ya chakula."

Nilikaa kwenye chumba cha jaji nimevaa joho la Liwalo, lililonifika kwenye visigino. Nilifurahi, sitaficha. Niliona jinsi nitakavyoingia, nitakavyoeleza tofauti ya yale maneno mawili mbele ya mji mzima, nitakavyompokonya Shebe uwanja na kuuliza kama sasa ana usingizi. Mlango ukafunguliwa kidogo, Bi Chausiku akapenyeza kichwa.

"Kula, mwanangu," alisema. Alikuwa na mkate wa ufuta ndani ya kitambaa, na asali. Alikwenda mbio nyumbani kuutoa kwenye mikate ya jana, akaupasha moto. "Leo Mungu ametutazama."

Nikaumega. Ulikuwa mzuri kama siku zote. Nilikuwa nimefika katikati nilipoacha kutafuna.

Nilijiuliza, hivi huyu jaji mpya ni nani? Analala nyumbani kwa mdaiwa. Anakula mkate wa mdaiwa, tena na asali, tena ndani ya mahakama. Mdai alimpigia mwayo mkahawani, na tangu jioni ile amemwekea kinyongo. Nilikuwa ninajali kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na kujali huko nilikuwa nimekufanya cheti cha uadilifu. Watu wa Shauriyao walikuwa wamelichukua neno la pili wakadhani ni la kwanza. Mimi nilidhani nimelishika la kwanza kwa sababu tu nalichukia la pili.

Nikauweka ule mkate kwenye kitambaa.

"Umeungua?" Bi Chausiku akauliza.

"Haukuungua, mama. Uchukue."

"Jaji asile?"

"Huyu asile."

Akaufunga mkate wake, akatoka.

Kikao kilipofunguliwa nilisimama. Majaji wa kule hawasimami, kwa hiyo watu walifikiri ninaumwa.

"Kabla ya lolote," nikasema, "mdaiwa ni mwenyeji wangu na nimekula mkate wake dakika chache zilizopita. Mdai simpendi, kwa sababu ya mwayo. Kama yupo mwingine anayeweza kukalia kiti hiki, aje akikalie."

Hakuna aliyekuja. Ingebidi mtu atake.

"Basi nitakikalia mimi, nanyi mniangalie. Nikipendelea, semeni."

"Tuseme?" mtu mmoja wa nyuma akauliza, na akajiziba mdomo.

Nikamgeukia Shebe. Nilimkusudia swali moja la kumchoma, na ndilo lililokuwa kwenye ulimi. Nikalirudisha, nikauliza lile ambalo sikulijua jibu lake.

"Bwana Shebe, una matanuri kumi. Hili unalitakia nini?"

Alikuwa anamenya chungwa lake. Kisu kikasimama.

"Silitaki," alisema.

"Jibu hilo ni la jaji aliyepita. Mimi nimekuuliza kweli. Unalitakia nini?"

Sidhani kama mtu yeyote alikuwa amewahi kumuuliza Bwana Shebe swali na kukaa kungojea jibu. Alitazama huku na huku, akaweka chungwa juu ya mto.

"Ni moshi," alisema, kwa sauti ndogo. "Dirisha la mama yangu liko upande ule. Lile banda la kuni la Bi Chausiku limeziba upepo, moshi wote unaingia kwake. Anakohoa. Mimi najifanya simsikii, kama inavyotakiwa, lakini..." Akakifuta kisu. "Nikaona nikilichukua tanuri, nitalizima."

"Kwa nini hukumwambia Bi Chausiku?"

"Nimwambie ninajali? Mimi? Shebe?"

Wa nyuma wakaanza kuzomea, na nadhani walikuwa wanamzomea kwa kumpenda mama yake. Nikasema, "Twendeni tukaone."

Pandu aliinua kichwa. "Tukaone nini?"

"Uwanja."

"Mgeni, mahakama hii haijawahi kwenda kuona kitu."

Lakini nilikuwa nimeshatoka, joho nimelikusanya mkononi, na watu walinifuata. Kila mmoja alisema kwa sauti kwamba anapita tu njia ile.

Uwanjani tulikuta mambo ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyakuta. Zamani mpaka ulikuwa ua wa minyaa. Minyaa ilikwisha kukatwa, lakini mashina yake yalikuwa bado yamo ardhini, yamekwenda moja kwa moja kutoka kona hadi kona. Nilipiga magoti nikayafukua kwa mikono, moja baada ya jingine. Tanuri lilikuwa upande wa Bi Chausiku, wala halikuukaribia mpaka. Msingi mpya wa Shebe ulikuwa wizi mtupu. Watu wakaanza kuguna kwa kuridhika, wakisahau kupiga miayo, nami nikaendelea kufukua kwa raha, mpaka nikafika kwenye banda la kuni. Mashina yaliingia chini ya banda, yakatokea upande wa pili. Nusu ya banda ilikuwa juu ya ardhi ya Shebe.

Nikamtazama Bi Chausiku. Yeye alikuwa anatazama kuni.

"Ulijua, mama?" nikamuuliza.

"Marehemu ndiye aliyelijenga," akasema. Kisha, "Nilijua."

Dirisha la mama yake Shebe lilikuwa wazi juu yetu, na tukiwa tumesimama pale tulimsikia akikohoa. Watu wote wa Shauriyao waliokuwa uwanjani wakainua vichwa kwa pamoja.

Nilitoa hukumu nikiwa na udongo kwenye magoti. Uwanja na tanuri ni vya Bi Chausiku, na Shebe aufukie msingi wake kabla ya jioni. Banda livunjwe, lihamishiwe upande mwingine kwa mikono ya Bi Chausiku mwenyewe, na tanuri liongezewe dohani ya kutolea moshi, ipite juu ya paa la jirani. Nikaongeza kwamba kuanzia sasa mtu akikosa pumzi kwa sababu ya mwenzake, amgongee mlango amwambie.

Shebe aliinama akachukua jembe. Bi Chausiku akanigeukia.

"Nimekulaza," alisema. "Nimekulisha. Nimekufichulia siri yangu ya kuusikiliza mkate. Leo unanivunjia banda la mume wangu mbele ya mji?"

"Tanuri lako limebaki, mama."

"Sikukuuliza tanuri."

Alikwenda chumbani kwangu, akautoa mfuko wangu, akauweka nje ya mlango kwa utaratibu, akafunga. Baada ya kitambo tukasikia anagonga dirisha la mama yake Shebe kutoka uani, na sauti yake ikisema kwa ukali, "Mama, pole. Unakohoa tangu lini?"

Mashtaka yangu yalikuwa tayari nilipofika mlangoni mwa mahakama kulirudisha joho. Nilishtakiwa kwa kujali hadharani nikiwa juu ya kiti cha hukumu, na kwa kuulizana maswali na mdai. Pandu alinisomea mwenyewe.

"Adhabu yake kufukuzwa nchini," alisema, "ila sijui ni nani wa kukufukuza. Askari wamekwenda kusaidia kuvunja banda." Akaangalia pembeni. "Nilitaka kukuuliza. Yale mashina ya minyaa. Yalifika mpaka kona kweli?"

"Mpaka kona."

"Ahaa," akasema Pandu, na akaingia ndani upesi.

Nikajifukuza mwenyewe. Nilikuwa nimekaribia meza ya mpakani, nina njaa na sina mkate, niliposikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa Bwana Shebe, bila mto, vumbi limemjaa kichwani. Nikakunja ngumi, kwa mazoea.

"Mshairi," alisema, "sikuja kwa ugomvi. Ule ubeti wako wa mkahawani."

"Uliupigia mwayo."

"Niliupigia mwayo kwa adabu. Lakini niliusikiliza. Nimekuwa nao kichwani tangu siku ile, na kuna mahali unanikwaza, kama jiwe kwenye mchele. Nikaona ukiondoka bila kuambiwa si vizuri." Akavuta pumzi. "Mstari wa tatu. Pale unapojitapa kwamba hutaki mali zetu. Mizani imepungua. Vipande vingine vyote umetia nane nane, pale umetia saba."

Nilimwangalia mtu yule. Hakuwa na cha kupata kwangu. Kesi ilikwisha, uwanja aliukosa, mimi nilikuwa nakwenda zangu na tusingeonana tena. Alikuwa amekimbia njia yote hiyo kwenye jua, mtu mnene, kwa ajili ya silabi moja ya ubeti usio wake.

"Hujui ushairi," nikamwambia.

"Huenda," akasema. "Lakini jaribu hivi: *Sitaki mikate yenu.* Inaingia."

Hakucheka. Akanipa mkono, akageuka, akarudi zake mjini ambako moshi wa tanuri ulikuwa umeanza kupanda juu, wima, mbali na dirisha.

Afisa wa mpakani aliniuliza kama naondoka. Sikumsikia. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, si-ta-ki-ma-li-ze-nu, nikaishia kidole cha saba. Nikaanza upya kwa mkono mwingine, nikaishia pale pale. Nilihesabu nikiwa nimekasirika, nikahesabu hasira ilipokwisha. Tangu hapo nimejaribu maneno mengi ya kukijaza kile kipande, maana mimi si mtu wa kusahihishwa na mwenye maghala. Mpaka leo sijapata linalokaa vizuri kuliko lake.